Bastola, mapenzi na meza ya chakula

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliingia na imani moja: filamu ya majambazi ni kazi nzito, kichekesho cha mapenzi ni cha kuangalia huku unapiga pasi. Nazipenda zote mbili, na imani hiyo naikataa.

Eti utamu wa filamu ya uhalifu ni risasi. Ukweli, The Godfather ya 1972 inaanza na harusi ya karibu nusu saa. Watu wanacheza na kula. Mzee Corleone, kiongozi wa genge, yuko ndani anasikiliza shida zao. Hata pale mgahawani, mwanawe Michael anapokwenda kuua watu wawili, kinachonikaba koo si bastola. Sollozzo, mmoja wa wawili hao, anaongea Kisisilia bila tafsiri yoyote chini ya skrini. Kamera inang'ang'ania uso wa Al Pacino, anayeigiza Michael, macho yake hayatulii, na mlio wa treni unapanda mpaka unameza maneno. Treni yenyewe huioni. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, aliuweka mlio huo ili tusikie kilichomo kichwani mwa Michael. Risasi zinapokuja, ni sekunde chache tu na kwisha.

Eti Marlon Brando, aliyekuwa Mzee Corleone, aliigiza filamu nzima na pamba mashavuni. Hapana, pamba ilikuwa ya jaribio. Kwenye upigaji wenyewe alivaa kifaa cha mdomoni kilichotengenezwa na daktari wa meno.

Eti vichekesho vya mapenzi havipati tuzo za maana. It Happened One Night ya 1934 ilizoa Oscar zote tano kubwa: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na uandishi. Goodfellas ya 1990, filamu ya majambazi, pamoja na sifa zote tunazoimwagia, iliondoka na moja, ya mwigizaji Joe Pesci.

Linaloniuma zaidi ni hili la kwamba vichekesho vya mapenzi ni rahisi kuviandika kwa kuwa mwisho unajulikana. When Harry Met Sally ya 1989 haikupangwa iishe kwa ndoa. Mwandishi Nora Ephron na mwongozaji Rob Reiner walikuwa wanaona Harry na Sally wataachana njia. Reiner akapata mpenzi wakati filamu inatengenezwa, na mwisho ukabadilika. Na yule mama wa meza ya jirani kwenye tukio la mgahawani, anayeagiza aletewe alichokula Sally, ni mama mzazi wa Reiner.

Mwaka uliofuata mwongozaji Martin Scorsese naye akamweka mama yake mezani, kwenye Goodfellas. Usiku wa manane anawapakulia chakula Tommy, jambazi ambaye ni mwanawe kwenye filamu, na wenzake, anawaonyesha mchoro wake wa mbwa wawili. Tommy anamwomba kisu, anadai wamegonga paa barabarani. Mazungumzo mengi pale waigizaji waliyabuni papo hapo, na mimi hucheka kila nikiiona, mpaka nikumbuke kwamba nje, ndani ya buti la gari, kuna mtu bado anapumua.