Kuzidisha parasetamoli: maana yake nini hasa?

Jino limeshika usiku wa manane. Kwenye duka la mtaani vidonge huuzwa kimoja kimoja, vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, karatasi ya maelezo imebaki kwa muuzaji. Unameza viwili. Maumivu hayajapoa, baada ya saa mbili unaongeza viwili. Asubuhi shangazi anakuletea dawa ya mafua, maana umeamka na homa, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Ikifika jioni ya pili hakuna anayejua umemeza vingapi. Wengi wakisikia "kuzidisha dawa" humfikiria mtu aliyetaka kujidhuru, na wapo, lakini hata jino tu hufikisha mtu huko.

Kuzidisha maana yake ni kuingiza mwilini parasetamoli nyingi kuliko ini linavyoweza kuisafisha kwa muda huo. Mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, visizidi viwili kwa mara moja, na kati ya mara na mara zipite saa nne au zaidi. Aliye chini ya kilo 50, asiyekula vizuri, mnywaji wa pombe, mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za kifua kikuu au kifafa aulize kwanza, kwa kuwa huenda kiwango chake kikawa chini ya hapo. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na kwa kijiko kilichokuja na chupa, si hiki cha kukorogea chai.

Watu wa Lamu wataelewa upesi nikisema hivi: chombo cha mbao huvuja kila siku, na baharia mmoja mwenye upo, yaani kata ya kuchotea maji, huyafua na kuyamwaga nje safari ikaendelea. Parasetamoli ikipita kwenye ini, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni cha kuifunga. Hicho ndicho upo. Dawa ikizidi, sumu huingia kwa kasi na akiba huisha, na seli za ini huanza kufa.

Linaloponza watu ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu huweza kuwa na kichefuchefu, kutapika na jasho, au asiwe na chochote, akaenda sokoni kama kawaida. Siku ya pili au ya tatu huja maumivu chini ya mbavu za kulia. Macho kuwa manjano, damu kutoka ovyo na akili kuvurugika huja baadaye, ini likiwa limeshaumia vibaya. Kwa hiyo kusubiri dalili ndipo uende hospitali ni kuchelewa kwa makusudi.

Dawa yake ipo: asetilisisteini, ambayo hulirudishia ini ile akiba. Ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kumeza, hulikinga ini karibu kabisa. Baada ya hapo bado inasaidia, usikate tamaa. Daktari hupima kiwango cha parasetamoli kwenye damu kuanzia saa ya nne. Aliyefika mapema sana huenda akapewa mkaa maalumu wa hospitali, ambao si wa jikoni. Maziwa, dafu na kujitapisha kwa kidole havitoi sumu hiyo; vinakula saa tu.

Na saa kwetu huhesabiwa na maji. Anayetoka kisiwa cha Pate kuja hospitali ya King Fahd mjini Lamu hupita mkondo wa bahari uitwao Mkanda, na maji yakiwa yametoka, yaani yamekupwa, boti husubiri. Basi mgonjwa aondoke akiwa mzima wa kuonekana. Chukua pakiti zote, hata za dawa ya mafua, na chupa ya dawa ya mtoto. Andika saa ya kidonge cha kwanza na cha mwisho. Kama amemeza kwa kukusudia, msemeni baadaye, si ndani ya boti. Akiogopa ataficha idadi, na idadi ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza. Asiachwe peke yake njiani.