Stika ya maegesho haikupi nafasi

Aliyewahi kukaa viti vya nyuma kwenye kikao cha baraza la madiwani anaujua mwendo wake. Karani anahesabu vichwa kuona kama akidi imetimia. Muhtasari wa kikao kilichopita unathibitishwa, na hakosekani diwani wa kusema jina lake limeandikwa vibaya ukurasa wa tatu. Yanafuata yatokanayo. Zabuni ya kuzoa taka kwa miaka mitano inapita baada ya maswali mawili. Leseni, jina la barabara mpya, taarifa ya mkaguzi wa ndani: imepokelewa, tuendelee. Kisha mwenyekiti anasoma, "Ajenda namba tisa, maegesho ya wakazi," na mikono inanyooka ukumbi mzima. Huko nyuma, ambako asubuhi walikaa watu watatu na mlinzi, sasa watu wamesimama ukutani.

Mimi ndiye mwandishi wa taarifa ya ajenda namba tisa. Ndiyo kazi inayoniweka mjini, kupima barabara na kuwaeleza madiwani kinachoweza kuegeshwa na kisichoweza. Zamani ilinikera kuona zabuni kubwa ikipita kimya kimya huku sehemu ya kupaki gari ikila saa mbili za kikao. Siku hizi sikereki. Taka diwani anazisoma kwenye makabrasha. Maegesho anakutana nayo kila jioni akirudi kwake. Kinachonisumbua sasa ni kwamba saa mbili hizo hutumika kubishania nani ni mkazi halali, nani mgeni, na stika iuzwe kiasi gani, kabla mtu yeyote hajauliza mtaa wenyewe una nafasi ngapi.

Tuanze na stika yenyewe, maana wengi wanaipigania bila kujua inachofanya. Mpango wa maegesho ya wakazi haumpi mtu kipande cha barabara. Unachofanya ni kupunguza idadi ya wanaoruhusiwa kugombania kipande hicho katika saa fulani. Ukipata stika, umepata ruhusa ya kutafuta. Ukizunguka mtaa mara tatu na kukuta pamejaa, halmashauri haijakuvunjia ahadi yoyote, kwa sababu haikukuahidi. Nimewahi kumweleza hivyo mzee mmoja baada ya kikao. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo mnaniuzia tiketi ya basi lisilo na viti." Nikamjibu kwamba ndivyo hasa, Mzee, na kwamba ndiyo maana nataka tuhesabu viti kwanza.

Wazo lenyewe lilizaliwa na tatizo la mchana. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Arlington, jimbo la Virginia, Marekani. Wafanyakazi wa maofisi ya jirani walikuwa wakiacha magari yao kwenye mitaa ya makazi kutwa nzima, wenyeji wakabaki wakitazama. Kaunti ikapiga marufuku wasio wakazi kuegesha hapo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku za kazi. Wenye magari wakashtaki kwamba wanabaguliwa: barabara ni ya umma, iweje mwenye anwani ya mtaa aruhusiwe na mwingine akatazwe? Mahakama ya jimbo ikakubaliana nao. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupindua uamuzi huo, ikisema mji una haki ya kupunguza msongamano, kelele na moshi wa magari yanayoingia mitaani, na kumtofautisha mkazi na asiye mkazi kwa lengo hilo si kosa.

Ona saa za Arlington. Zinaishia jioni, wafanyakazi wanapoondoka. Stika ni dawa nzuri ya mgeni wa mchana. Kama mtaa wako unajaa saa 9 usiku, wageni wamelala kwao, na magari yote yaliyopo ni ya wakazi wenyewe, stika haitaongeza hata nafasi moja. Ndiyo sababu hesabu yangu ya kwanza huifanya usiku. Na iwe usiku wa kawaida, katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa. Niliwahi kuhesabu wakati wa likizo, nikaandika kwamba mtaa una nafasi za ziada, na nikaomba radhi mbele ya kamati mwezi uliofuata.

Mtaa mmoja niliopima una urefu wa mita 120, pande mbili, jumla mita 240 za ukingo wa barabara. Wakazi waliandika kwenye barua yao kwamba zinaingia "gari arobaini bila shida." Gari moja lililoegeshwa kwa urefu huhitaji karibu mita 6, ukijumlisha nafasi ya kuingia na kutoka, kwa hiyo mita 240 ni gari 40 kweli. Karatasini.

Sasa toa kona. Mita 10 kila mwisho wa kila upande ziachwe wazi ili dereva anayekunja amwone mtoto anayevuka. Hizo ni mita 40. Toa mageti. Upande wa kushoto yalikuwa matano, kulia saba, kila moja linameza mita 4. Mita 48 zimeondoka. Upande wa kushoto kuna bomba la zimamoto, toa mita 8. Zimebaki mita 72 kila upande, yaani gari 12 na 12. Arobaini imekuwa 24, na hapo nimekuwa mkarimu, maana vipande vya mita tatu vinavyobaki kati ya geti na geti haviingizi kitu zaidi ya pikipiki.

Hapo kwenye mageti nakawia kidogo, kwa sababu kwenye kikao hakuna anayeyataja. Mwenye nyumba anapofungua geti la gari, anapata sehemu yake ndani, na hapo hapo anaondoa karibu nafasi nzima ya umma nje, kwani hakuna anayeruhusiwa kumzibia. Kisha anakuja kuomba stika mbili kama jirani yake wa ghorofani asiye na geti wala ua. Simlaumu, sheria ndogo nyingi zinampa. Lakini mtaa ule ulikuwa na nyumba 12 zenye mageti na jengo moja la kaya 20 lisilo na hata nafasi moja ya ndani. Pendekezo lilisema stika mbili kwa kila kaya. Kaya 32 mara mbili ni stika 64, kwa nafasi 24.

Usiku niliopita na kijana wangu mwenye ubao wa karatasi tulikuta magari 31. Saba yalikuwa kwenye kona au mbele ya bomba. Moja, karibu na mti, lilifunikwa turubai la buluu lililojaa majani makavu. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa chini na nyasi zimeota kuzunguka rimu. Kijana akauliza kama tulihesabu. Tulihesabu. Linakula mita 6 kama mengine.

Karibu kila gari lilikuwa limepanda njia ya waenda kwa miguu kwa matairi mawili, na nilipotoa futi kamba sababu ikaonekana. Barabara ina upana wa mita 6. Gari la kawaida pamoja na vioo vya pembeni huchukua kama mita 2. Paki pande zote mbili kihalali, katikati zinabaki mita 2, ambazo lori la taka halipiti. La zimamoto ndiyo usiseme: mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, unataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa mita 3.7. Kwa hiyo mtaa ule ulikuwa unajaza pande zote mbili kwa kuwanyang'anya watembea kwa miguu njia yao. Mwenye kiti cha magurudumu alikuwa anapita katikati ya barabara.

Taarifa yangu ikasema: maegesho upande mmoja tu. Nafasi 12.

Ukumbi ulivyochemka siku hiyo nitauruka. Diwani wa kata alisimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaalamu anataka watu wangu wakaishi kwenye magari yao," na akapigiwa makofi. Nilimwelewa. Yeye ndiye atakayepigiwa simu saa tatu usiku.

Hapo ndipo mjadala wa bei unapopaswa kuingia, na huingia kwa mlango mbaya. Kuna diwani ataona kwenye stika chanzo cha mapato. Aangalie yaliyoikuta halmashauri ya Barnet, London. Ilipandisha kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100, na mapato ya ziada yakapangiwa matumizi mengine ya barabara na usafiri. Mkazi mmoja akaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria ya trafiki inayoruhusu vibali hivyo haikutungwa ili kukusanya kodi. Bei inaweza kupandishwa kudhibiti msongamano. Ikipandishwa kujaza mfuko, ni kinyume cha sheria. Kila nchi ina sheria yake, lakini mimi huandika sababu ya bei kwenye aya ya kwanza ya taarifa, wazi kabisa, ili asitokee mtu baadaye akasema jambo tofauti kwenye maikrofoni na kumbukumbu za kikao zikambana.

Ninachopendekeza mara nyingi ni stika ya kwanza iwe nafuu na ya pili iwe ghali sana, na mwenye nafasi ndani ya ua ahesabiwe kuwa tayari anayo ya kwanza. Ikibidi, kuwe na idadi ya mwisho ya vibali. Amsterdam wanafanya hivyo: eneo lina kikomo cha vibali, na ukikuta vimekwisha unaandikishwa kwenye foleni ya kusubiri. Japani walikwenda mbali zaidi. Tangu sheria ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari la kawaida huthibitisha kwanza kwamba ana mahali pa kuliweka, leo pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi, na polisi ndio hutoa cheti. Nikiutaja mfano huo kikaoni watu hucheka. Lakini tafuta picha ya mtaa wa makazi wa Tokyo, wenye upana wa mita 4, uone kama kuna gari limelala nje.

Wageni nao wana mambo yao. Muuguzi anayemwogesha bibi kila asubuhi, fundi bomba, binti anayemletea mama yake dawa. Mpango usio na karatasi za wageni hufa mwezi wa kwanza. Mpango wenye karatasi za bure bila kikomo hufa wa pili, maana zitauzwa.

Kosa langu kubwa zaidi katika kazi hii lilikuwa la mpaka. Mwanzoni nilichora mstari wa eneo katikati ya barabara, kwa kuwa ndipo kata mbili zilipokutana, na kwenye ramani ulipendeza. Matokeo yake upande mmoja wa barabara ulihitaji stika na upande wa pili haukuhitaji. Siku tatu baadaye upande wa pili ulifurika, na kikao kilichofuata kikaletewa barua yenye sahihi za watu wa mtaa ambao haukuwahi kulalamika. Magari hayapotei, yanasogea. Tangu hapo mpaka wangu hupita nyuma ya nyumba, na huhesabu mitaa miwili zaidi kila upande.

Kuhusu maoni ya wananchi, tusijidanganye kwamba ukumbi uliojaa ndio mji. Februari 2024 Paris iliwaita wapiga kura wake waamue kama magari mazito ya wageni yalipe maegesho mara tatu. Waliosema ndiyo walishinda kwa zaidi kidogo ya asilimia 54, lakini waliojitokeza hawakufika hata asilimia 6 ya waliojiandikisha. Wakazi wenye vibali walikuwa hawaguswi na ada hiyo. Kwangu mimi mlango kwa mlango huzaa zaidi. Ndivyo nilivyojua kwamba katika lile jengo la kaya 20, kaya tisa hazina gari kabisa, wala hakuna hata mmoja wao aliyekuja kikaoni. Walichotaka ni njia ya miguu.

Madiwani mwishowe walichagua majaribio, na ninapenda majaribio. Uingereza amri ya namna hii huweza kudumu hadi miezi 18 kabla ya kuamua iwe ya kudumu au ifutwe, na pingamizi hupokelewa watu wakiwa tayari wameona hali halisi, si wakiikisia. Mwenyekiti akahoji, wanaoafiki wakasema ndiyo, wasioafiki wakasema siyo kwa sauti kubwa zaidi ingawa walikuwa wachache, ikabidi mikono ihesabiwe. Hoja ikapita kwa tofauti ya kura mbili. Upande mmoja, stika moja kwa kila kaya isiyo na geti, karatasi kumi za wageni kwa mwezi. Kwenye mengineyo diwani mwingine akauliza taa ya kituo cha basi itawashwa lini, na kikao kikafungwa.

Wapaka rangi walikuja wiki tatu baadaye, alfajiri, kuchora mstari wa katazo upande wa kushoto. Notisi zilikuwa zimebandikwa siku kumi na nne, na watu walihamisha magari yao yote isipokuwa moja. Lori la kuvuta lilikuwa kwenye kazi nyingine. Wapaka rangi walichora hadi kwenye turubai la buluu, wakaruka, wakaendelea mbele yake. Gari limeshaondolewa. Pengo la mita tano kwenye mstari bado lipo, na wiki iliyopita nimekuta mtu amepaki humo, kashika kipande kile kwa usahihi wa ajabu, stika yake imebandikwa kiooni.