Kisanduku cha kale hakihitaji kupigwa msasa

Wengi wanaopata kisanduku cha kale cha mapambo huamini kwamba lazima kwanza kipigwe msasa na vanishi mpya, king'ae, ndipo kiwe na thamani. Si kweli. Ule weusi uliojikusanya kwenye pembe na kuzunguka tundu la ufunguo ni ushahidi wa umri, na wakusanyaji huutafuta hasa huo. Ukishauondoa, haurudi.

Tena kuna hatari ya wazi. Visanduku vingi vya karne ya 19 si mbao moja ya thamani. Juu yake limebandikwa bamba jembamba la mbao hiyo ya thamani, mara nyingi lisilofika hata milimita 1. Msasa hulitoboa upesi. Rangi yake ya juu nayo aghalabu ni shelaki, vanishi ya kizamani ambayo huyeyuka kwa spiriti. Kwa hiyo usiifute kwa dawa yoyote kabla ya kujaribu tone dogo chini ya kitako.

Kusafisha kwenyewe ni kazi nyepesi: brashi laini, kitambaa kikavu, na nta kidogo kama uso haujabanduka. Bawaba na kitasa cha shaba viache na rangi yake.

Je, kitumike? Naam, kitumike! Barua, vito, nyuzi za kushonea, vyote vinafaa, mbali na jua la dirishani. Ila visanduku vya majani ya chai vya Uingereza, vilivyowekewa kitasa kwa sababu chai ilikuwa ghali, vingi vina bitana yenye madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu. Humo usiweke chakula kamwe.