Usiniulize Kama Elinino Inakuja

Kila Agosti, utabiri wa vuli unapokaribia kutoka, simu yangu haipoi. Mwenye duka la pembejeo, mwenyekiti wa kitongoji, shemeji yangu mwenye mpunga kule Ndungu, wote swali ni moja: "Elinino ipo mwaka huu?" Kazi yangu ni tabianchi, na wilaya ninayoijua vizuri ni Same, Upareni, kaskazini mwa Tanzania. Swali lenyewe si baya, ila linaulizia bahari ya mbali na kuiacha ya karibu.

Elinino ni joto la maji ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Vuli yetu, Oktoba hadi Desemba, huisikiliza zaidi Bahari ya Hindi. Kwa kawaida msimu huo upepo wa kwenye ikweta huvuma kwenda mashariki na kuyasukuma maji ya moto hadi Indonesia. Kuna miaka upepo hugeuka. Maji ya moto hujikusanya upande wetu, mvuke hupanda kwa wingi, na mvua zake hutuangukia sisi huku Indonesia ikikauka. Hali hiyo huitwa daipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Mara nyingi Elinino ndiyo huiamsha, ndiyo maana watu huzichanganya, lakini kila moja inaweza kuja peke yake.

Mwaka 1997 zilikuja pamoja, na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa mafuriko yake. Mwaka 2015 Pasifiki ilichemka karibu sawa na 1997, lakini daipoli ilikuwa dhaifu, na vuli haikufika hata karibu na ile ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki ilitulia, Elinino ya maana hakuna, ila daipoli ikawa miongoni mwa kali kabisa zilizowahi kupimwa. Afrika Mashariki ikafurika, ardhi ikaporomoka West Pokot, na majani yaliyostawi yakawa karamu ya nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2023 zikaungana tena.

Hiyo 2015 mimi bado ninailipia. Nilikuwa nimepita kwenye mikutano ya vijiji nikisema mvua kubwa zinakuja. Mama mmoja wa tambarare akanisikiliza kuliko wote: akabeba magunia yake ya mahindi kwa bodaboda, safari tatu, hadi kwa dada yake mlimani. Mto haukutoka kwenye kingo zake. Tulipokutana gulioni Desemba alinisalimia vizuri, kisha akauliza, "Bwana Hali ya Hewa, ile Elinino yako ilipotelea njia gani?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Karatasi ya utabiri niliyoibeba haikusema mvua kubwa zinakuja. Ilikuwa na asilimia, mimi nikazila njiani.

Siku hizi natembea na visoda ishirini kwenye kofia. Kwanza naeleza maana ya "juu ya wastani", maana watu wengi husikia "mafuriko". Chukua vuli za miaka 30, zipange kuanzia kavu kabisa hadi yenye mvua nyingi kabisa. Kumi za juu ndizo "juu ya wastani", kumi za kati ni "wastani", kumi za chini ni "chini ya wastani". Usipojua lolote kuhusu bahari, kila kundi lina nafasi moja kwa tatu. Sasa tuseme utabiri unasema juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini 20. Natia kofiani visoda tisa vyekundu, saba vyeupe, vinne vya njano. Mzee mmoja anafumba macho, anachomoa. Cha njano! Kelele. Anarudisha, anachomoa tena. Baada ya raundi kama kumi hakuna tena wa kuniuliza kama utabiri ni kweli au uongo. Wanaanza kuuliza wafanye nini na kofia ya namna hii, na hilo ndilo swali ninalolitaka.

Jibu linategemea gharama. Ukihamisha magunia kwa shilingi 20,000, na mafuriko yangekula mahindi ya shilingi 200,000, basi kuhamisha kunalipa mradi tu uwezekano wa mafuriko umezidi moja kwa kumi. Hapo ndipo penye mtego, maana asilimia 45 ya mvua juu ya wastani siyo asilimia 45 ya mto kuvunja kingo. Vuli inaweza kuwa nono kwa jumla, maji yakaja taratibu yakanyweka ardhini. Inaweza pia kuwa ya wastani, ikamwaga theluthi nzima kwa siku nne. Utabiri wa msimu hauoni siku hizo nne. Zile ni kazi ya utabiri wa siku chache, zile taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zenye rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Nani alisema mama yule alipaswa kukodi bodaboda Oktoba? Angepaswa kukubaliana na dada yake nafasi ya magunia na kuijua namba ya dereva, basi. Pesa ingetoka rangi ikibadilika.

Kwa hiyo ukiona msimu umeelemea kwenye mvua, tafuta kwanza kazi zisizo na majuto. Upareni tunayo ndiva, bwawa dogo la udongo mlimani ambalo mababu walichimba ili likusanye maji ya mfereji usiku, asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Ndiva iliyojaa tope hubeba maji kidogo mvua zikiadimika, na zikizidi hufurika haraka. Ukilizoa tope hilo Septemba, umefaidika kisoda chochote kikitoka. Vivyo hivyo kuzibua mitaro, na kugawa shamba kati ya mbegu ya muda mfupi na mtama badala ya kuliweka lote kwenye mahindi ya muda mrefu.

Masika sitoi ahadi kama za vuli. Mvua za Machi hadi Mei hazishikwi kwa urahisi na bahari moja, na utabiri wake huwa dhaifu zaidi. Halafu kuna joto lenyewe: kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua ikiamua kunyesha inanyesha kwa hasira. Hata hiyo miaka 30 ninayoipanga mbele ya wazee inazidi kuwa rula iliyopinda.

Mkutano wa mwisho niliohudhuria ulichukua saa mbili, nusu yake tukigombania visoda. Mwishowe mwenyekiti akaandika kwenye daftari: msaragambo wa ndiva, Jumamosi, saa moja asubuhi, kila kaya mtu mmoja. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Kisha akanitazama akauliza kama nina koleo langu au niazimiwe.