Je, wajua kwa nini chama kilichotawala Botswana miaka 58 kilibaki na viti 4 bungeni baada ya uchaguzi wa 2024?

Alama ya chama hicho, BDP (Botswana Democratic Party), ni jeki, ile ya kuinulia gari, na Watswana wengi hukiita Domkrag, yaani jeki kwa Kiafrikana. Kiliipokea nchi mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa maskini zaidi duniani. Mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa, na fedha zake zikajenga shule, zahanati na barabara za lami. Mzee aliyeyaona mabadiliko hayo kwa macho yake hakuhitaji kubembelezwa siku ya kura.

Mjukuu wake je? Yeye shule na zahanati amezikuta. Anachokiona ni shahada yake iliyokaa kabatini, maana kufikia 2024 zaidi ya robo ya nguvu kazi ilikuwa haina ajira. Soko la almasi nalo lilikuwa limedorora, almasi zinazotengenezwa maabara zikizidi kupata wateja, na mapato ya serikali yakapungua. Huwezi kumwomba kijana huyu alipe kwa kura yake deni la shukrani la babu yake. Nadhani hapo ndipo wakubwa wa chama walipokosea zaidi.

Lakini dalili zilikuwapo miaka kumi kabla. Mwaka 2014 BDP ilipata takriban asilimia 47 tu ya kura. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wameikataa, ila kura zao ziligawanyika kati ya vyama vya upinzani vya UDC na BCP. Katika kila jimbo anayeongoza ndiye huchukua kiti, hata asipofikisha nusu, kwa hiyo BDP ikaondoka na viti 37 kati ya 57. Ushindi wa namna hiyo hulewesha: ukihesabu viti, huoni watu wanaokuacha.

Kisha nyumba ikapasuka. Mwaka 2019 Ian Khama, rais mstaafu na mwana wa mwasisi wa chama Seretse Khama, alikihama baada ya kukosana na mrithi wake, Mokgweetsi Masisi, akaunga mkono chama kipya cha BPF. Wakenya wanaijua hali hii: chama tawala chao, KANU, kiliingia uchaguzi wa 2002 vigogo wake wakiwa wamehamia upinzani.

Tarehe 30 Oktoba 2024 hesabu ile ile iliyoibeba BDP ikaigeukia. UDC ya Duma Boko ilipata kama asilimia 37 ya kura na viti 36 kati ya 61. BDP ilipata kama asilimia 30, lakini kura hizo zilitawanyika nchi nzima, ikawa inashindwa jimbo baada ya jimbo, mpaka ikabaki na viti 4. BCP, yenye kura chache kuliko BDP, ilipata viti 15, na kiti cha kiongozi wa upinzani bungeni kikaenda kwake.