Je, wajua kwa nini unaweza kutamba Diamond League, ule msururu wa mashindano ya riadha unaozunguka miji mbalimbali kila mwaka, msimu mzima halafu ukakosa taji?

Agosti 2018 pale Zurich, fainali ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Conseslus Kipruto wa Kenya alichomoka kiatu mbio zikiwa bado mbichi kabisa. Mwingine angetoka pembeni akajipange siku nyingine. Yeye akakomaa na kiatu kimoja, akaruka viunzi na kukanyaga maji hivyo hivyo hadi mwisho na akashinda kwa 8:10.15, huku Soufiane El Bakkali wa Morocco akiishia 8:10.19. Yaani sekunde 0.04 tu!

Sasa kwa nini hakuacha? Kwa sababu siku nyingine haikuwepo. Siku hizi zile pointi unazokusanya kwenye miji kama Doha, Rabat, Oslo na Monaco (wa kwanza 8, wa pili 7, inashuka hivyo hadi wa nane anapata 1) kazi yake ni moja tu, kukuingiza fainali. Ukishaingia zinafutwa, wote mnaanza sifuri na atakayeshinda usiku ule ndiye bingwa, basi. El Bakkali mwezi mmoja tu kabla alikuwa amekimbia 7:58.15 kule Monaco lakini kule Zurich muda huo haukumsaidia chochote, akachukua dola 20,000 za wa pili na mwenzake akaondoka na 50,000 pamoja na taji.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Diamond League ilipoanza 2010, ikirithi nafasi ya ile World Athletics Final iliyokuwa ikifunga msimu tangu 2003, pointi zilijumlishwa mwaka mzima na mechi ya mwisho ikahesabiwa mara mbili. Shida ni kwamba mtu mkali angeweza kumaliza hesabu mapema, fainali ikifika bingwa anajulikana tayari, sasa nani akeshe kwenye TV kuangalia hiyo? Ndo 2017 wakabadilisha. Mimi naona ni ukatili kwa mwanariadha, ukiamka na mafua siku hiyo msimu umeenda na maji, ila kwa mtazamaji ni raha tupu.

Na sio hela tu wanagombania. Bingwa wa Diamond League anapewa tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya dunia, nje ya zile nafasi tatu za kila nchi, na kwa Kenya hilo ni jambo kubwa maana kupenya trials za Nairobi (mchujo wa kuchagua timu ya taifa) kwenye mbio kama hizi ni balaa. Bingwa mtetezi wa dunia naye ana tiketi yake, lakini wote wawili wakiwa wa nchi moja inatumika moja tu, kwa hiyo hata Kenya haizidi wakimbiaji wanne kwenye mbio moja.