Msimamizi wa kifurushi ni nani? Mfano wa mtr kwenye Debian

Msimamizi wa kifurushi ni mtu anayechukua programu huria, akaiandaa isakinike kwa amri moja ya apt kwenye Debian, mfumo endeshi wa Linux, kisha akaendelea kuitunza ndani ya mfumo huo. Si lazima awe ndiye aliyeiandika. Chukua mtr, chombo cha kufuatilia njia ya pakiti mtandaoni: kilianzishwa na Matt Kimball mwaka 1997, na mwaka uliofuata Roger Wolff akakipokea. Hao ni upande wa waandishi. Upande wa Debian una msimamizi wake.

Kazi yake imo kwenye saraka ya debian/. Faili ya control hutaja kila kinachotegemewa, rules huelekeza ujenzi, changelog huandika kilichobadilika. Msimbo wa mtr hujengwa mara mbili: kifurushi cha mtr chenye dirisha la GTK (maktaba ya kuchora madirisha), na mtr-tiny kisicho nalo, kwa ajili ya seva. Katika namba 0.95-1, kilicho kabla ya kistari ni toleo la waandishi, kilicho baada yake ni cha Debian. Ukikuta -1.1, mtu asiye msimamizi ameingilia kati kurekebisha jambo.

Toleo jipya likitoka, chombo kiitwacho uscan hulipakua. Viraka vya zamani, yaani marekebisho madogo ambayo Debian huyaongeza kwenye msimbo wa waandishi, hujaribiwa kimoja kimoja. Kinachogoma, ama waandishi wameshakikubali, basi kifutwe, ama mistari imehama na kiandikwe upya. Ujenzi ufanywe kwa sbuild, chombo kinachojenga kwenye mazingira safi. Mashine yako ina maktaba nyingi mno, hivyo itaficha kilichosahaulika kwenye control. Baada ya kukaguliwa na lintian, chombo kinachotafuta makosa ya kifurushi, kifurushi hupandishwa unstable, tawi la Debian linalopokea matoleo mapya.

Panaposumbua zaidi ni ruhusa. mtr hutuma pakiti zenye TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) 1, 2, 3 na kuendelea; kila ruta hupunguza moja, na TTL ikiisha ruta hurudisha ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu za mtandao. Hilo linahitaji soketi ghafi, njia ya programu kuunda pakiti zake yenyewe, ambayo kerneli haimpi mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana sehemu hiyo ilitengwa kuwa programu ndogo, mtr-packet, ili programu nzima isipewe mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Programu hiyo ndogo hupewa ruhusa ya soketi ghafi pekee (cap_net_raw). Lakini faili ya .deb haibebi ruhusa za aina hii, kwa hiyo hati ya postinst huziweka wakati wa usakinishaji:

setcap cap_net_raw+ep /usr/bin/mtr-packet

Ikishindikana, postinst hurudi kwenye setuid, alama inayofanya faili iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili. Mtumiaji akilalamika kwamba mtr inafanya kazi kwa root tu, mwambie aendeshe getcap, amri inayoonyesha ruhusa hizo, kwenye mtr-packet. Jibu likiwa tupu na setuid haipo, mara nyingi mfumo ulinakiliwa kwa njia iliyodondosha sifa za ziada za faili, zinakohifadhiwa ruhusa hizo. Kusakinisha upya kwa apt install --reinstall kunatosha.

Malalamiko mengine si hitilafu kabisa. Ruta ya katikati ikionyesha upotevu wa 60% huku zinazofuata zina 0%, ruta hiyo inabana tu majibu yake ya ICMP. Ripoti ifungwe kwa maelezo ya heshima. Hitilafu ya kweli irudiwe kwanza kwenye msimbo wa waandishi ambao haujaguswa. Ikitokea na huko, kiraka kitumwe kwao, na anwani kilikotumwa iandikwe juu ya kiraka kwenye mstari wa Forwarded, ili atakayepokea kifurushi kesho ajue kama bado kinasubiri jibu.